Kadi moja, kazi mbili: waifai ya kugawana na gharama yake

“Kaka, niwashie hotispoti kidogo, kuna fomu naijaza.” Katika nyumba za kupanga za Kilole, na mitaa mingine ya mji wa Korogwe, ombi hili halimshangazi mtu tena. Mwenye bando la wiki humwashia asiye nalo, na simu ya mkononi inageuka kuwa mnara mdogo wa sebuleni.

Nyuma ya ombi hilo kuna swali jingine ambalo mafundi wa simu na kompyuta huulizwa mara kwa mara, nalo lina majibu mengi ya kubahatisha. Ukiwa na kompyuta mpakato ambayo yenyewe inapokea waifai kutoka kwenye rauta ya chuo, ya ofisi au ya mwenye nyumba, je, unaweza kuigawa waifai hiyo kwa simu za wenzako ukitumia kadi ileile inayoipokea? Au ni lazima ununue adapta ya pili ya USB?

Jibu ni kwamba inawezekana, ingawa si kwa kila kadi. Tena panapowezekana kuna gharama, na gharama hiyo hailipwi kwa shilingi bali kwa muda wa hewani. Asiyelijua hili hununua kifaa asichokihitaji, au huilaumu kampuni ya simu kwa kosa lililomo chumbani mwake.

Sura tano za kadi moja

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayofanana kwa nje. Simu inayogawa bando la laini yake haina shida tunayoijadili hapa, kwa sababu ndani yake mna redio mbili. Moja inaongea na mnara wa kampuni ya simu, nyingine inaongea na vifaa vya jirani kwa waifai. Kila moja ina masafa yake na kazi yake. Shida inaanza pale redio ya waifai inapotakiwa kupokea na kugawa kwa wakati mmoja.

Kadi ya waifai huweza kuvaa sura kadhaa. Sura ya kawaida ni ya mteja: inatafuta rauta, inatoa nenosiri na kujiunga. Sura ya pili ni ya kituo, ambapo kadi yenyewe inatangaza jina la mtandao na kupokea wateja, kama rauta ifanyavyo. Ya tatu ni ya rika kwa rika, yaani vifaa viwili au zaidi vinaongea bila kituo katikati. Ya nne ni ya wavu, ambapo kila kifaa kinapitisha ujumbe wa mwenzake hadi ufike mbali. Ya tano ni ya kusikiliza tu: kadi inapokea kila kinachopita hewani kwenye chaneli hiyo bila kujiunga na mtandao wowote. Hiyo ni zana ya mafundi wanaochunguza hitilafu.

Kwa miaka mingi kadi ilivaa sura moja kwa wakati mmoja. Ukitaka kituo, uliacha kuwa mteja. Mabadiliko yalikuja pale programu zilipojifunza kuionyesha kadi moja kwa kompyuta kana kwamba ni kadi mbili, kila moja ikiwa na jina lake na anwani yake. Kompyuta inaona kadi mbili, lakini antena na redio vimebaki vilevile.

Reli moja, treni mbili

Ukisimama stesheni ya Korogwe utaelewa haraka kinachotokea ndani ya kadi hiyo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, ikaendelea hadi Moshi, na hadi leo ni njia moja. Treni ya kupanda na ya kushuka zinatumia mataruma yaleyale. Hazigongani kwa sababu moja husubiri stesheni mpaka nyingine ipite. Njia ile inabeba safari za pande zote mbili, ila haiwezi kubeba treni mbili zinazokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Redio ya waifai iko hivyo. Ikiwa inatuma haisikii, na ikiwa inasikia haitumi. Picha inayotoka kwenye rauta kwenda kwenye simu ya jirani kupitia kompyuta yako inasafiri hewani mara mbili: mara ya kwanza kutoka rauta hadi kompyuta, mara ya pili kutoka kompyuta hadi simu. Safari zote mbili ni kwenye chaneli moja, na zinapokezana muda uleule. Ndiyo maana anayepokea kupitia kwako hupata, kwa makadirio ya fundi, nusu ya kasi ambayo angeipata akiwa karibu na rauta yenyewe. Ukiongeza kompyuta ya pili inayorudia ile ya kwanza, inabaki theluthi au chini ya hapo.

Kwa nini basi kadi isipokee kwenye chaneli moja na kugawa kwenye nyingine? Swali hilo lilijibiwa mwaka 2004 na watafiti watatu, Ranveer Chandra, Paramvir Bahl na Pradeep Bahl, katika mradi wa Microsoft ulioitwa MultiNet. Walitumia ujanja uliokuwa tayari ndani ya kanuni za waifai. Kifaa kinachotaka kuokoa betri huiambia rauta kwamba kinalala, na rauta inakitunzia ujumbe wake mpaka kiamke. Kadi ya MultiNet iliiaga rauta ya kwanza kwamba inalala, ikahamia chaneli ya mtandao wa pili, ikafanya kazi huko, kisha ikarudi kuchukua iliyotunziwa. Mteja mmoja akawa kwenye mitandao miwili.

Ujanja huo unamfaa mteja, lakini unamtesa anayetaka kuwa kituo. Kwa kawaida kituo hutangaza uwepo wake karibu mara kumi kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 102.4. Kikitoweka kwenda chaneli nyingine, wateja wake wanabaki wakiita bila kuitikiwa. Kwa sababu hiyo kadi nyingi zinazoruhusu sura mbili zina sharti moja: kituo lazima kikae kwenye chaneli ileile ya rauta inayokilisha. Rauta ikihamia chaneli 11, hotispoti yako nayo inahama, na simu zilizounganishwa zinakatika kwa muda.

Kutoka maabara hadi sebuleni

Wazo la MultiNet, lililokuja kuitwa VirtualWiFi, liliingia kwenye kompyuta za watu mwaka 2009, Windows 7 ilipotoka ikiwa na kadi pepe ya waifai ndani yake. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na intaneti ya Tanzania ikaanza kuachana na utegemezi wa setilaiti. Wanafunzi wa vyuo waliokuwa na kompyuta moja na simu nyingi walijifunza amri ya netsh kwa kuelekezana, wakaiandika kwenye kidirisha cheusi ili kuwasha kituo. Mwaka 2016 Windows 10 iliigeuza kazi hiyo kuwa kitufe cha kubonyeza. Mwaka huohuo Samsung ikaweka kwenye Galaxy S7 uwezo wa simu kugawa waifai inayoipokea.

Upande wa Linux, mlango ulifunguliwa mwaka 2007 kwa toleo la 2.6.22, lililoingiza mfumo wa mac80211. Mfumo huo unaruhusu redio moja kuwa na violesura kadhaa, mradi kadi na programu yake endeshi vikubali. Rauta nyingi ndogo zinaendeshwa na Linux, na uwezo huohuo ndio unaoziwezesha kutangaza majina mawili, moja la familia na jingine la wageni, kwa redio moja.

Uwezo huo umeenea pia kwenye vibao vidogo vya ESP8266 na ESP32 vya kampuni ya Espressif ya Shanghai, ambavyo wanafunzi wa ufundi huvitumia kupima kina cha tangi la maji au joto la kitotoleshi cha vifaranga. Kibao kinawasha waifai yake mwenyewe ili ukiingizie nenosiri la nyumbani, huku kikijaribu kujiunga na rauta. Mara nyingi simu ya mwenye kibao hukatika pale tu kinapofanikiwa kujiunga, naye akadhani kimeharibika. Kilichotokea ni kile tulichokieleza: kimefuata chaneli ya rauta.

Nusu inayopotea ni ya nani?

Wengi hukosea hesabu hapa. Wanasikia kwamba kasi inapungua nusu, wanakata tamaa, wanakwenda dukani. Lakini nusu ya nini?

Tuseme waifai kati ya kompyuta na rauta inabeba megabiti 40 kwa sekunde, na rauta yenyewe inapata intaneti kutoka laini ya simu inayotoa megabiti 6 siku mtandao ukiwa mzuri. Ukiigawa kwa kadi moja, waifai itashuka hadi 20 hivi. Anayepokea kwako bado atapata zile 6 zote, kwa sababu njia nyembamba ni ile ya kwenye mnara. Nusu iliyopotea ilikuwa ziada ambayo hakuna aliyeitumia. Katika mji ambao nyumba nyingi hutegemea laini ya simu na mnara ambao watu wengi wanaugombea jioni, kadi moja yenye kazi mbili inatosha kabisa kwa vyumba vitatu au vinne.

Hesabu inageuka pale ambapo intaneti inaingia kwa nyaya za mkongo zenye kasi kubwa. Inageuka pia pale ambapo watu hawatafuti intaneti bali wanahamishiana mafaili makubwa ndani ya nyumba, kama masomo ya video kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Hapo waifai yenyewe ndiyo njia nyembamba, na nusu inayopotea ni nusu halisi.

Kuna mwizi mwingine wa muda ambaye watu hawamtazami, naye ni kifaa kilicho mbali. Waifai hupunguza kasi kadiri mawimbi yanavyodhoofika. Kifurushi cha data cha baiti 1,500 kikitumwa kwa megabiti 54 kwa sekunde hukaa hewani kwa chini ya robo ya milisekunde. Kikitumwa kwa megabiti 1, kwa simu iliyo nyuma ya kuta tatu za tofali, kinakaa milisekunde 12. Simu hiyo moja imekula muda wa vifurushi zaidi ya hamsini vya wenzake. Ukiona hotispoti inasuasua jioni, kabla ya kuhesabu watu walioungana tazama nani amekaa mbali zaidi.

Tena usikosee mahali pa kuweka kompyuta inayogawa. Watu huipeleka kwenye chumba kisichopata mawimbi, wakitegemea iyavute. Kadi haiwezi kugawa isichokisikia. Mahali pake ni katikati ya safari, ambapo bado inaisikia rauta vizuri na chumba cha mwisho kinaisikia yenyewe.

Kabla ya kwenda dukani

Si lazima kubahatisha kama kadi yako inaweza. Kwenye Linux, amri ya iw list huorodhesha mwishoni michanganyiko ambayo kadi inairuhusu: ni violesura vingapi vya mteja, vingapi vya kituo, jumla yake, na chaneli ngapi kwa wakati mmoja. Ukiona mteja mmoja na kituo kimoja kwenye chaneli moja, una unachohitaji. Kwenye Windows, amri ya netsh wlan show drivers ilitumika tangu enzi za Windows 7 kusema kama kadi inakubali kituo cha kugawa. Katika matoleo mapya njia fupi ni kujaribu kuwasha kitufe cha hotispoti huku ukiwa umeunganishwa na waifai.

Kwenye adapta za USB, jambo la kuangalia si urefu wa antena wala idadi ya picha za mawimbi kwenye boksi. Angalia jina la chipu na programu yake endeshi. Adapta mbili zenye umbo moja zinaweza kubeba chipu tofauti kabisa, moja ikawa kituo bila taabu na nyingine ikabaki mteja maisha yake yote. Hakikisha pia kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Liko na suala la bendi. Rauta mpya hupenda kuwaweka wateja kwenye gigahezi 5, ambayo ina kasi lakini haipiti ukutani vizuri kama gigahezi 2.4. Kompyuta yako ikiunganishwa kwa gigahezi 5, kituo chako nacho kitalazimika kukaa hukohuko, na simu za bei nafuu zinazojua gigahezi 2.4 pekee hazitaliona hata jina lake. Baadhi ya chaneli za gigahezi 5 zinashirikiana na rada za hali ya hewa, hivyo kadi nyingi hukataa katakata kuwasha kituo humo. Dawa ni kuiunganisha kompyuta na jina la gigahezi 2.4 la rauta, kisha ndipo uwashe. Kwenye bendi hiyo, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, na rauta ya mwenye nyumba ikikaa katikati yao, tuseme kwenye 3 au 4, inasumbua majirani na kusumbuliwa nao.

Walichojifunza wengine

Afrika Mashariki imeshaona redio moja ikipewa kazi nyingi kwa kiwango kikubwa. Kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa One Laptop per Child, zilizosambazwa kwa wingi katika shule za msingi za Rwanda, ziliundwa na redio ya waifai inayoweza kupitisha ujumbe wa kompyuta nyingine. Wazo lilikuwa zuri: mtoto aliye mbali na shule afikiwe kupitia kompyuta za wenzake njiani. Lakini uzoefu wa mradi huo duniani ulionyesha kwamba darasa lenye mashine nyingi zinazopitishiana ujumbe kwenye chaneli moja hujaza hewa kwa maelekezo ya njia kabla somo halijaanza. Kwa vyumba vya namna hiyo ilionekana bora kufunga rauta za kawaida.

Mitandao ya intaneti inayojengwa na jamii zenyewe imechukua njia nyingine. Kibera jijini Nairobi kuna TunapandaNET. Kondoa mkoani Dodoma kuna mtandao wa jamii uliozaliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, mtandao wa Pamoja Net ulianza mwaka 2016. Kanuni ya wajenzi wa mitandao ya aina hii ni kutenganisha kazi: redio moja yenye antena ya kuelekeza inaleta mawimbi kutoka mbali, na nyingine kwenye chaneli tofauti inawahudumia watu wa karibu. Hawadharau ujanja wa kadi moja, ila wanajua kwamba kituo kinachohudumia mtaa mzima hakina ziada ya muda ya kupoteza.

Jina lililosajiliwa ni lako

Kugawa kunabeba dhamana. Laini za simu Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole, na kinachofanywa kupitia laini yako kinaanza kuulizwa kwako. Weka nenosiri refu la aina ya WPA2 au WPA3, libadilishe mpangaji anapohama, na usilibandike ukutani. Ikiwa waifai ni ya chuo au ya mwajiri, omba ruhusa kwanza, kwa maana nenosiri ulilopewa ni lako na si la nyumba nzima. Ukitaka kuwatoza watu, umeingia kwenye biashara ya mawasiliano, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inadai leseni. Na ile sura ya tano ya kadi, ya kusikiliza, iachie mtandao wako mwenyewe. Kunasa mawasiliano ya wengine ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kwa hiyo mpangaji wa Kilole anayejiuliza kama anunue adapta ya pili afanye jaribio dogo. Apime kasi ya intaneti akiwa amekaa kando ya rauta. Kisha awashe hotispoti kwenye kompyuta, apime tena kwa simu iliyounganishwa nayo, saa ileile ya jioni. Namba zikikaribiana, fedha yake ibaki mfukoni, maana kizuizi kiko kwenye mnara na adapta mpya haitausogeza. Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, basi kadi ndiyo iliyochoka, na adapta ya pili, ikiwekwa kwenye chaneli yake yenyewe, itarudisha alichokipoteza.